Mali Bila Daftari



Mwaka mmoja, mwezi wa Septemba, mvua zilipokuwa zimeanza na watu wa milima ya Masisi wakitengeneza mashamba ya maharagi, gari la mizigo lilipanda mpaka kijiji kimoja tunachokijua vema, maana tulikuwa tukifundisha dini huko. Gari lilileta mbegu na majembe. Habari ilikuwa imetangulia: kila nyumba ya wakulima itapewa mbegu na jembe moja, bila malipo. Basi watu wakakusanyika mbele ya shule tangu alfajiri. Karani akapanda juu ya kiti, akafungua orodha yake, akaanza kuita majina.

Aliita mpaka jua likafika utosini. Kisha akakunja karatasi zake. Wamama kumi na mmoja walikuwa wangali wamesimama, mikono mitupu. Karani hakuwa mtu mbaya wala mwenye kiburi. Aliwaambia kwa upole: "Mama zangu, mimi naita walioandikwa. Ninyi hamkuandikwa." Walipouliza sababu, wakajibiwa ya kuwa orodha ilifuata majina ya wenye mashamba. Nao walikuwa wajane, ama wake wa watu waliopotea vitani, ama wakulima wa kukodi. Mashamba waliyoyalima miaka mingi yalijulikana kwa majina ya mashemeji, ama ya matajiri wanaokaa mjini.

Njiani tukirudi, mama mmoja wa makamo alituuliza: "Mwalimu, wewe umesoma. Hii mali inayotolewa kwa ajili ya mkulima, inamfuata nani? Inamfuata anayelima, ama inamfuata nani?"

Siku ile hatukuwa na jibu. Lakini swali la mama yule halikutuacha. Tumesoma vitabu, tumewauliza wazee, tumetazama mambo ya majirani zetu. Leo twataka kuwaletea tulichokiona, ili kila mmoja apime mwenyewe.

Si jambo la maskini tu

Kwanza twende mbali kidogo. Watu wengi wa kwetu hudhani kwamba fedha ya Serikali kwa mkulima ni jambo la nchi maskini, na kwamba mkulima wa nchi tajiri hujitegemea. Sivyo. Nchi za Ulaya Magharibi zilianza mpango wao wa pamoja wa kusaidia kilimo mwaka 1962, nao ungali unaendelea. Marekani ilianza mapema zaidi, mwaka 1933.

Wakati ule mahindi, pamba na nguruwe vilikuwa vimezidi huko Marekani hata bei ikaanguka kabisa, na wakulima wakashindwa kulipa madeni yao. Tarehe 12 Mei 1933 Rais Franklin Roosevelt akatia sahihi sheria mpya. Serikali itamlipa mkulima anayekubali kupunguza mazao, ili bei ipate kupanda. Kwa kuwa pamba ilikuwa imekwisha kuota, waliing'oa katika ekari zipatazo milioni 10. Nguruwe kama milioni 6 waliuawa kabla ya wakati wao. Watu wengi walichukizwa kuona mali ikiharibiwa siku za njaa, na haikuwa ajabu wachukizwe. Lakini sisi tutazame jambo jingine: fedha ile ilipita mkono wa nani?

Ilipita mkono wa mwenye shamba. Kusini mwa nchi ile, wengi wa waliolima pamba hawakuwa na ardhi. Walilima shamba la tajiri, wakagawana naye mavuno. Cheki ya Serikali iliandikwa kwa jina la tajiri, naye aliagizwa kuwapa wakulima wake sehemu yao. Wengine waliwapa, wengine hawakuwapa. Tena, kwa kuwa shamba limepunguzwa, tajiri hakuhitaji tena mikono mingi, akawafukuza. Julai 1934, katika jimbo la Arkansas, wakulima wa namna hiyo, weusi kwa weupe, wakaunda chama chao cha kudai haki.

Mwaona basi. Sheria ilisema "mkulima", lakini fedha ilimfikia mwenye karatasi. Haikuwa lazima mtu aibe. Fedha ya Serikali haina macho ya kuona nani ameshika jembe. Inakwenda mahali jina lilipoandikwa. Tushike neno hili, kisha turudi kwetu Kivu.

Siku sitini za Bulamatari

Wazee wetu waliita Serikali ya Wabelgiji "Bulamatari". Kabla ya kuuliza Bulamatari alimpa nini mkulima, yafaa tuulize kwanza alichukua nini.

Tarehe 20 Februari 1917, vita vikiwa vingali vikali, ilitoka sheria ya kuwalazimisha watu wa vijiji kulima mazao yaliyoamriwa, kwa siku 60 kila mwaka. Aliyeisimamia shauri hiyo ni Edmond Leplae, mkuu wa kilimo katika Wizara ya Makoloni. Amri ya tarehe 5 Desemba 1933 ikaitia nguvu upya. Mwaka 1942, katika vita vya pili, siku zikaongezwa mpaka 120. Agronomu alikuja na kamba yake, akapima, akaandika. Ambaye shamba lake halikutosha alitozwa faini ama alikwenda gerezani. Wakubwa walisema kwamba hayo ni mafundisho. Hatukatai kwamba mihogo iliyolimwa kwa amri iliponya watu wengi na njaa. Lakini fundisho la gerezani halimfanyi mtu apende kazi, na mazao mengine, kama pamba, hayakuliwa na yeyote kijijini.

Wakati huohuo ardhi nayo iligawanywa. Mwaka 1925 iliundwa Hifadhi ya Albert, ambayo leo yaitwa Virunga. Mwaka 1928 ilianzishwa Kamati ya Taifa ya Kivu, ikapewa madaraka ya kugawa ardhi kwa walowezi. Ndipo mashamba makubwa ya kahawa, chai, pareto na kinina yalipotokea katika milima yetu. Kila shamba lilikuwa na mipaka yake, ramani yake, namba yake, na jina la mwenyewe. Mwenyeji aliyelima pale tangu babu yake hakuwa na ramani. Hati yake ilikuwa migomba aliyoipanda na makaburi ya watu wake.

Msidhani lakini kwamba mwenyeji hakuandikwa popote. Aliandikwa sana! Aliandikwa katika daftari la kodi, na katika daftari la kazi za lazima. Tofauti ndiyo hii: mlowezi aliandikwa katika daftari la kupokea, mwenyeji aliandikwa katika daftari la kutoa. Kwa hiyo wazee wetu walijifunza hekima yao: ukimwona karani anakuja na kitabu, pita njia ya migombani. Hekima ile iliwafaa siku zile. Lakini wajukuu wameirithi hata siku ambazo kitabu kimekuja na mbegu.

Mifuko mitatu ya mwaka 1947

Vita vilipokwisha, Serikali ya Ubelgiji iliona kwamba imewachosha watu wa Kongo. Katika miaka ile ilianza kutoa fedha kwa ajili ya kilimo na vijiji. Mwaka 1947 peke yake watufundisha mengi, maana twaona mifuko mitatu.

Mfuko wa kwanza uliitwa Mfuko wa Hali Njema ya Wenyeji, nao ulianzishwa tarehe 1 Julai 1947. Sehemu kubwa ya fedha yake ilikuwa deni: Ubelgiji ulirudisha gharama ambazo Kongo ilizibeba kwa ajili yake wakati wa vita. Fedha nyingine ilitoka katika bahati nasibu ya koloni. Mfuko huu ulichimba visima, ukajenga zahanati, shule na barabara za vijijini. Kazi njema, na wazee wengi waliiona kwa macho. Ila mkulima hakupewa kitu mkononi. Kisima kilikuwa cha wote, na shauri la mahali pa kuchimba lilikuwa la wakubwa.

Mfuko wa pili ulikuwa Shirika la Mikopo kwa Walowezi, nalo ni la mwaka uleule. Mlowezi aliyetaka kununua mashine ama kupanua shamba aliweza kukopa, kwa sababu alikuwa na hati ya kuweka rehani. Mwenyeji angeweka nini rehani? Migomba? Makaburi?

Mfuko wa tatu ulikuwa wa pamba. Wakulima wa pamba, kama wale wa bonde la Ruzizi huko Kivu ya Kusini, hawakulipwa bei yote ya pamba yao. Sehemu ilikatwa, ikawekwa akiba, ili bei ya dunia ikianguka wapate kusaidiwa. Mwaka 1947 akiba ile iliwekwa chini ya kamati iliyoitwa COGERCO. Basi bei ilipoanguka, na mfuko ukasaidia, mkulima aliambiwa kwamba amesaidiwa. Kumbe amerudishiwa jasho lake mwenyewe! Wala hakuwa na kitabu cha kumwonyesha ni kiasi gani kilikatwa kwake, na kiasi gani kimerudi.

Yatazameni mafungu haya matatu. Mlowezi alipokea kwa jina lake. Mwenyeji alipokea bila jina, pamoja na wote. Na mkulima wa pamba alitoa bila kujua hesabu. Mkulima asiye na jina katika kitabu hawezi kudai, kwa maana hana mahali pa kuonyesha kidole na kusema: "Hapa, mbona sikupata?"

Karatasi zabadili mikono

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Je, karatasi zilimrudia anayelima? Tuone.

Tarehe 7 Juni 1966 ilitoka sheria iitwayo ya Bakajika, iliyoirudishia Serikali ardhi na madini yaliyogawiwa wakati wa ukoloni. Tarehe 20 Julai 1973 ikafuata sheria kubwa ya ardhi: ardhi yote ni mali ya Serikali. Kwa habari ya mashamba ya vijijini, yaliyoshikwa kwa desturi, sheria iliahidi kwamba Rais atatoa amri ya kueleza haki za watu. Zaidi ya miaka 40 ilipita, amri ile haikutoka. Kisha tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu akatangaza kwamba mashamba na maduka ya wageni yatapewa raia. Katika milima yetu mashamba ya walowezi yaligawiwa. Lakini waliopewa ni wakubwa na watu waliojulikana na wakubwa. Aliyekuwa akichuma kahawa aliendelea kuchuma kahawa. Alibadilishiwa bwana tu. Baadaye mashamba mengi yaliachwa, mengine yakageuzwa malisho ya ng'ombe, na majirani wa zamani wakajikuta kando ya seng'enge.

Siku za lazima nazo zilirudi zikiwa na jina jipya, salongo. Kahawa ilikuwa na ofisi yake ya Serikali, na kodi zake njiani. Mwaka 1975 baridi kali iliharibu mikahawa ya Brazili, na miaka iliyofuata bei ya dunia ikapanda sana. Mkulima wa Beni na wa Lubero alipata sehemu ndogo tu ya bei hiyo, ndiyo maana kahawa nyingi ilivuka mpaka usiku kwenda Uganda. Mwaka 1989 mapatano ya dunia juu ya kahawa yalivunjika, bei ikaanguka, na miaka ya baadaye ugonjwa wa mnyauko ukaua mikahawa ya robusta huko Beni na Ituri. Hakukuwa na mfuko wa kumshika mkono mkulima. Alipopata, walimkata; alipokosa, alikuwa peke yake.

Tangu hapo ahadi hazikupungua. Mwaka 2003, katika mkutano wa Maputo, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kwamba walau sehemu moja ya kumi ya fedha ya Serikali itakwenda kwenye kilimo. Nchi yetu haikufika hapo. Tarehe 24 Desemba 2011 Kongo ilipata sheria ya kilimo, na ndani yake umetajwa mfuko wa taifa wa kuendeleza kilimo. Mwaka 2014 Serikali ilizindua shamba kubwa la Bukangalonzo, mbali huko mashariki ya Kinshasa, hekta 80,000, lilishe mji mkuu. Mamilioni ya dola yalitolewa. Mwaka 2017 kazi ilikuwa imesimama, na Mei 2025 Mahakama ya Katiba ilitoa hukumu juu ya fedha zilizopotea pale.

Twasema nini juu ya hayo? Twasema kwamba fedha ilikuwapo. Mara nyingi twalalamika kwamba Serikali haina kitu. Lakini fedha inayotolewa kwa mafungu makubwa, katika shamba moja, mbali na macho ya wakulima, haimfikii mtu mwenye jembe moja na watoto sita. Haijui jina lake.

Majirani walifanyaje?

Tusikae tukihuzunika tu. Majirani zetu wamejaribu njia nyingine, na katika mema na mabaya yao tunaweza kujifunza.

Tanzania ilianza mwaka 2008 mpango wa vocha, kwa wakulima wadogo wa mahindi na mpunga. Kila nyumba iliyochaguliwa ilipata vocha za mbolea na mbegu zitoshazo ekari moja. Vocha ililipa karibu nusu ya bei, na nusu ya pili mkulima aliitoa mfukoni mwake. Jambo la kuangaliwa ni hili: majina yalichaguliwa kijijini. Mkutano wa kijiji ulichagua kamati ya vocha, wanaume na wanawake, na kamati ikatoa orodha. Je, makosa hayakuwapo? Yalikuwapo. Mahali pengine vocha zilichelewa mpaka mvua zikapita; pengine wakubwa wa kijiji walijiandika wao kwanza; na maskini kabisa walishindwa kuitoa ile nusu ya bei. Lakini pale mkutano ulipokuwa hai, mtu aliweza kusimama na kusema: "Jina hili si la mkulima."

Burundi ina mpango wake wa mbolea tangu miaka ya 2012 na 2013. Mkulima hutoa malipo ya kwanza mapema, akapewa karatasi, akangoja mbolea. Karatasi ile ni kitu kikubwa kuliko inavyoonekana. Mbolea ikichelewa, na imewahi kuchelewa, mkulima si mwombaji, ni mdai.

Kenya nayo, mwaka 2022, ilishusha bei ya mfuko wa mbolea wa kilo 50 mpaka shilingi 3,500, na mwaka 2023 mpaka 2,500. Wakulima waliandikishwa kwa mamilioni, wakaitwa kwa simu. Mwaka 2024 ikagunduliwa kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa katika mpango huo haikuwa mbolea ya kweli. Basi jina peke yake halitoshi. Mtu anaweza kuitwa kwa jina lake, akapewa mchanga. Jina linakupeleka mpaka mlangoni. Baada ya hapo lazima ufungue mfuko, upime, uangalie.

Hatari ya kitabu

Hapa mtu mwenye busara atatuuliza: "Ninyi mwataka watu waandikwe. Je, mmesahau nchi hii tunayokaa?"

Hatukusahau. Ng'ambo ya mpaka wetu, huko Rwanda, Wabelgiji waliandika kabila la kila mtu katika karatasi yake tangu miaka ya 1930, na mwaka 1994 karatasi ile iliwapeleka watu wengi kwenye kifo. Hapa kwetu pia, katika vita vya miaka hii 30, orodha imekuwa silaha mara nyingi. Mwezi wa Januari 2025 vita viliingia Goma, na mabenki yakafunga milango. Watu waliokuwa na akiba yao iliyoandikwa vizuri walishindwa kuipata. Wazee waliopita njia ya migombani hawakuwa wajinga.

Kwa hiyo hatusemi tu "andikeni". Twauliza: nani anaandika, anaandika nini, na nani anasoma? Daftari la Bulamatari liliandikwa na mgeni, likafungwa sandukuni, likasomwa na wakubwa. Hapo ndipo ulipokuwa ubaya wake. Daftari la wakulima liwe kinyume chake. Liandikwe na wakulima wenyewe. Lisomwe kwa sauti mbele ya watu wote, kabla ya kila majira ya kupanda, ili aliyesahauliwa aseme na aliyejiingiza atolewe. Liandikwe mambo machache tu: jina la anayelima, kilima chake, anacholima, na alichopokea. Kabila lisiandikwe kamwe. Halimzuii mbuzi kuingia shambani wala halioteshi maharagi.

Tena, mwanamke aandikwe kwa jina lake mwenyewe. Katika milima yetu yeye ndiye anayeinama kuanzia kupanda mpaka kuvuna. Mume akifa, ama akikimbia, jembe halifi naye.

Na watu wafanye hayo pamoja. Upande wa Butembo kuna vyama vya wakulima vilivyosimama katika siku ngumu. SYDIP kilianzishwa mwaka 1993, Serikali ilipokuwa karibu kuanguka. Mtu mmoja akibisha mlango wa ofisi, ataambiwa arudi kesho. Watu mia tatu wenye daftari moja, hata karani mchovu atawatafutia kiti.

Jibu la mama yule

Tumerudi mwisho kwenye kijiji chetu. Baada ya siku ile ya mikono mitupu, wale wamama kumi na mmoja hawakwenda kulalamika kwa mwami. Walichanga, wakanunua daftari la shule, wakamwomba binti mmoja aliyemaliza shule ya sekondari awaandikie. Wakapita nyumba kwa nyumba. Wengine waliwafukuza, wakisema: "Hiyo ni kodi mpya!" Wanaume wengine waliwacheka. Hata hivyo, majira yaliyofuata, daftari lilisomwa mbele ya shule, na ubishi ulikuwa mwingi, na majina manne yalifutwa, na tisa yakaongezwa. Mmoja katika waliofutwa alikuwa ndugu ya kapita wa kijiji. Hilo halikuwa jambo dogo.

Gari liliporudi, karani alikuwa na orodha yake ya mjini. Wamama wakaweka daftari lao mezani kando ya orodha ile. Karani alisoma yote mawili kwa muda mrefu. Hakulikubali lote, alisema hana ruhusa. Lakini katika wale kumi na mmoja, saba walipata mbegu na jembe, na waliobaki aliwaandikia karatasi ya kuonyesha mara nyingine. Ndivyo haki inavyofika kwetu mara nyingi, wasomaji wapenzi: haifiki nzima. Lakini saba si sifuri.

Kisha vita vikapanda mpaka kilima kile, na watu wakatawanyika. Tulimkuta mama yule katika viunga vya Goma, chini ya hema, amekaa juu ya mawe meusi ya volkano. Alikuwa amekimbia na watoto wawili, sufuria moja na blanketi. Tulipomuuliza habari za kijiji, akatia mkono ndani ya sufuria, akatoa daftari. Lilikuwa limelowa upande mmoja, lakini majina yalisomeka. Akasema: "Mwalimu, siku tutakayorudi, watu watagombea mashamba. Humu imeandikwa nani alilima wapi."

Sisi tuliokuwa tumetafuta jibu lake vitabuni tuliona kwamba amekwisha kulipata. Mama, mali inayotolewa kwa ajili ya mkulima haimfuati anayelima. Inalifuata jina lililoandikwa. Imekuwa hivyo katika Marekani ya mwaka 1933 na katika Kivu ya mwaka 1947, na itakuwa hivyo mwaka ujao, awepo Rais yeyote. Basi kazi yetu ni kufanya jina lililoandikwa na mkono unaolima viwe vya mtu mmoja. Wahenga walikwisha kulisema kwa maneno machache: mali bila daftari, hupotea bila habari.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu mkiwa vijijini, daftari la shule si ghali. Kabla mvua za Septemba hazijaanza, ulizaneni: nani kati yetu analima, na jina lake limeandikwa wapi?